Nilipeleka Joto la Mashine ya Nguo Kwenye Shimo la Ndizi

Mkosaji ni mimi. Naanza hivyo ili msifike katikati ya habari hii mkaanza kutafuta wa kumlaumu. Mimi mwenyewe nilimtafuta, nikampata, na niliyempata alikuwa mke wangu.

Kwa padri nimeshaungama. Nilipofika kwenye sehemu ya ndizi alianza kukohoa upande wa pili wa pazia, nikamwonea huruma, nikajua ana mafua. Mafua wapi! Padri alikuwa anacheka. Alinipa malipizi, nikayasali yote nikiwa nimepiga magoti, lakini moyo umekataa kutulia. Ndiyo maana nakuja kwako wewe unayesoma. Jina langu niachie. Niite Baba Koku, ingawa mtoto wetu haitwi hivyo.

Tunaishi Nyakasimbi, Karagwe. Nina migomba, nina kahawa kidogo, na nina sifa moja tu duniani: rubisi. Pombe yetu hii ya ndizi, nikiitengeneza mimi, watu wananyamaza kwanza ndipo wanaongea. Kuna mnunuzi wa mazao kutoka Nkwenda ambaye akija kutazama kahawa yangu huanza kwa kuuliza kama shimoni kuna kitu.

Mke wangu, Mama Koku, naye ana sifa yake. Ni mwenyekiti wa kwaya ya kigango chetu na anaimba sauti ya kwanza. Akiimba peke yake, hata watoto wachanga wanaacha kulia. Majoho ya kwaya, yale ya zambarau, ndiye anayeyatunza, anayafua na kuyapiga pasi kana kwamba ni ya maaskofu.

Sasa mashine. Dada yake mkubwa, Dada Jeni, alihama nyumba kubwa kule Mwanza akaingia ndogo, akakosa pa kuiweka mashine yake ya kukaushia nguo. Akatuletea sisi. Na kwa kweli tuliihitaji, kwa sababu huku mvua ikianza, shati linakaa kwenye kamba siku tatu, na ukilivaa unanuka mbuzi aliyenyeshewa.

Tuliiweka stoo, karibu na jiko. Tukatoboa ukuta, bomba lake la kutolea hewa ya moto likatokea nyuma ya nyumba.

Dada Jeni alilala kwetu siku moja ili atufundishe. Akaniita mimi.

"Shemeji, njoo hapa. Mdogo wangu ana mambo mengi, kwaya, shamba, jiko. Kazi hii naikabidhi kwako. Unauona huu wavu?"

Alivuta kitu chembamba kutoka mdomoni mwa mashine. Kilikuwa kimetandwa na manyoya ya kijivu, laini, yale ambayo nguo huyaacha zikizungushwa kwenye joto. Aliyabandua yakatoka kwa pamoja, kama blanketi la panya.

"Kila nguo zikikauka, unazima, unachomoa plagi, unaiacha ipoe. Halafu unatoa manyoya haya yote kwa mkono. Hujayatoa, usiwashe tena. Na bila wavu usithubutu kuwasha kabisa!"

"Sawa, dada."

"Lile bomba la nyuma nalo, mara kwa mara unalifungua unalipitishia brashi. Liwe fupi, liwe limenyooka, hewa itoke bila kuzuiwa. Ukiona nguo zinachelewa kukauka na mashine inachemka, jua kuna mahali pameziba. Zima. Na msiiwashe mkaenda zenu sokoni."

"Sawa, dada. Lakini si manyoya tu haya?"

Alilichukua lile blanketi la panya, akaliweka juu ya jiwe pale uani, akawasha kiberiti. Fwaa! Likaisha hata sijapepesa jicho. Kuku wawili walikimbia wakaenda kujificha chini ya kibaraza.

"Ndiyo manyoya tu hayo," akasema, akaenda kufunga begi lake.

Kwa hiyo nilijua. Naomba hilo ulishike. Kuna watu wanaokosea kwa kutojua, na Mungu anawahurumia. Mimi nilionyeshwa kwa moto, mchana kweupe, na kuku ni mashahidi.

Miezi miwili nilifanya kazi yangu vizuri sana. Nilitoa manyoya kila mara, nikayaweka kwenye kopo lenye mfuniko mbali na jiko, nikajisikia fundi. Nilianza hata kuwaelekeza majirani wasio na mashine.

Kisha ikaja jubilei ya kigango.

Kamati iligawa kazi. Mama Koku akapewa majoho na wimbo mkuu, ambao una ubeti katikati anaouimba peke yake. Alikuwa akiufanyia mazoezi kila mahali, kwenye kahawa, kisimani, mpaka mimi nisiyejua noti hata moja nikaujua. Nami nikapewa rubisi ya wageni. Mwenyekiti wa kamati alisema mbele ya watu, "Rubisi hatuna wasiwasi nayo." Nikavimba kichwa, nikatoka pale natembea kwa vidole.

Kwa usiyetoka huku kwetu nikueleze. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa, zikafukiwa shimoni kwenye majani ya mgomba, na shimo likapashwa joto kwa moto mdogo wa pembeni ili ndizi ziive zote kwa pamoja. Shimo likiwa baridi, ndizi zinabaki ngumu. Utazikanyaga mpaka magoti yakuume na hazitoi maji. Mtu akialika wageni halafu ndizi zikamgomea, atasimuliwa mpaka kwenye msiba wake.

Na mvua ilinyesha! Ilinyesha kama iliyotumwa. Kuni zilikuwa mbichi, moto uliwaka ukazima, ukawaka ukazima. Siku ya pili nilifunua shimo nikaminya ndizi moja. Ngumu kama mpini wa jembe. Jasho jembamba likanitoka pale pale kwenye mvua.

Nikaenda kujikinga nyuma ya nyumba, chini ya vibati. Nimesimama pale nawaza aibu yangu, mara nikasikia kitu cha moto kinanipuliza kwenye goti. Nageuka, ni bomba la mashine! Mama Koku alikuwa anakausha mablanketi.

Nikaweka mkono. Joto zuri, taratibu, halina moshi. Joto lenyewe la kuivishia ndizi! Na sisi tulikuwa tunalitupa hewani kila siku kama watu matajiri.

Akili ikanijia. Laiti ingepotea njia!

Nilikuwa na mabomba ya plastiki yaliyobaki tulipoweka mfereji wa maji ya mvua. Nikayaunga na lile bomba la mashine kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikayapitisha kwenye kona ya nyumba, yakakata tena kona kwenye mti wa parachichi, yakaingia shimoni. Juu nikayafunika na majani ya mgomba. Ukipita huoni kitu. Nilirudi nyuma hatua tatu nikajitazamia kazi yangu, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Shida ikawa joto lilifika limechoka. Nikaenda stoo kuchunguza. Nikavuta wavu, nikautazama, nikasema, wewe ndiye unayezuia! Hewa ipite kwenye kitambaa hiki itafikaje shimoni na nguvu? Nikautoa wavu, nikautia mfuko wa koti.

Ndiyo. Alichosema usithubutu, nilithubutu.

Na ona dhambi inavyozaa. Mama Koku, mwanamke mwangalifu, kila akitaka kuwasha mashine aliuliza, "Baba Koku, wavu umeusafisha?"

Nami nilichomoa wavu mfukoni. "Huu hapa, tazama mwenyewe."

Ulikuwa msafi kama sahani ya sikukuu! Utachafukaje na uko kwenye koti? Aliutazama, akatabasamu, akasema, "Asante, mume wangu. Dada Jeni alijua kumchagua mtu." Akigeuka kwenda kuchukua nguo, wavu unarudi mfukoni. Mawe, mama yangu we! Nikiandika hapa masikio yananiwaka.

Siku ya nne nilifunua shimo. Njano! Mkungu kwa mkungu, njano tupu, zinanukia mpaka barabarani. Jirani yangu Ta Balige, mzee wetu ambaye naye alikuwa amefukia zake, alikuja na mwavuli wake akasimama pale akazitazama.

"Umefanyaje, na mvua hii? Zangu zimegoma kabisa."

"Ni mkono tu, waitu," nikamjibu kwa heshima. "Mkono."

Alinishika mkono huo akautazama. Nami nikamwacha autazame, mtu mzima mimi!

Niliona manyoya manyoya kwenye majani, lakini nikayafuta kwa kofia. Nilisema ziwekwe siku moja mbili zaidi, zizidi utamu. Tamaa.

Jumatano ikawa zamu ya majoho. Mama Koku aliyafua yote kwa mkono, akayakamua, akaingiza kwanza sita ya sauti ya kwanza. Yaliyobaki akayaning'iniza chumba cha pili, karibu na stoo, akaanza kuyanyoosha huku anaimba ubeti wake. Mimi nilikuwa kibarazani nakunywa chai.

Baada ya muda akaniita kwa ndani. "Baba Koku, mbona leo inachelewa? Na ukuta wa huku una joto."

Inachelewa na inachemka. Maneno yale yale ya Dada Jeni! Niliyasikia kichwani kwa sauti yake mwenyewe. Lakini kuzima maana yake ni kufungua, na kufungua maana yake ni kuulizwa wavu uko wapi na bomba linaelekea wapi. Nikanywa chai.

"Ni mvua hiyo," nikasema. "Na majoho ni mazito. Iache."

Iache! Nilimwambia mke wangu iache.

Haikupita muda nikasikia harufu ya plastiki. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mabomba yangu, pale kwenye kona ya kwanza, yalikuwa yamevimba na kulegea, na kwenye kiungo moshi mweusi ulikuwa unatoka. Manyoya ya siku zote zile yalikuwa yamejaa pale kwenye kona na kuziba kabisa, hewa ya moto haina pa kwenda, imerudi ndani kwenye mashine kupika.

Ndugu yangu, hapa nakuomba usinitazame usoni.

Nyumba ilikuwa mkono wangu wa kulia. Shimo lilikuwa mkono wa kushoto. Nilikimbilia shimo.

Nilitupa majani huku na huku, nikachomoa bomba, nikaanza kutoa mikungu, mmoja mmoja, naikumbatia na kuiweka mbali kwenye nyasi. Nilikuwa nasema, "Ndizi zangu! Jamani, ndizi zangu!" Mtu yeyote angenisikia angedhani kuna watoto mle shimoni.

Nikasikia sauti kutoka ndani. "Baba Koku! Moshi! Baba Koku weee!"

"Nakuja!" nikajibu. Na mkungu mikononi.

Niliweka ule chini. Nikachukua mwingine.

Aliyeokoa nyumba ni yeye. Alikimbia kwenye swichi kuu akazima umeme wote. Mlango wa mashine hakuufungua, kwa sababu Dada Jeni alikuwa amemwambia ukiufungua unaupa moto pumzi. Akafunga mlango wa stoo, akatoka mbele ya nyumba pekupeku, anakohoa, amekumbatia majoho yaliyobaki. Moto ukakosa hewa, ukajifia humo humo ndani. Mungu ni mwema kuliko tunavyostahili.

Nami nikafanya nini? Nilivuta mabomba nikayaficha migombani. Watu walipokuwa wanakuja mbio kwa mbele, nilingoja pakapoa kidogo, nikaingia stoo kwa mlango wa nyuma, nikauchomeka wavu mahali pake. Kisha nikatokea mbele nikiwa na ndoo ya maji, napiga kelele kuliko wote.

Mashine ilipofunguliwa, majoho sita yalikuwa yameungua pindo, mikono imejikunja na kukakamaa kama mabawa ya kuku wa kuchoma. Majirani wakaguna. Ta Balige akatazama wavu, ukiwa msafi unang'aa, akasema, "Basi si manyoya."

Wakanitazama mimi. Na mimi, kwa mdomo wangu huu huu ninaolia nao, nikasema, "Labda uliyajaza mno, mama."

Mama Koku akainamisha kichwa. "Labda," akasema.

Siku iliyofuata kwaya ilikaa. Nilikuwepo, nimekaa nyuma kabisa. Mke wangu alisimama mbele yao akasema, "Naombeni radhi. Ni uzembe wangu." Uzembe wake! Wakanong'ona, wakaamua apumzike kwanza, hata siku ya jubilei asikae na kwaya, na ubeti ule auimbe Ma Anjela, makamu wake. Ma Anjela ni mtu mzuri, ana roho nzuri. Sauti yake anaielewa Mungu peke yake.

Tulirudi nyumbani. Alikaa akaanza kumenya ndizi za kupika. Akaanza kuuimba ule ubeti bila kujua, akafika katikati, akakumbuka, akaacha. Akaendelea kumenya. Mimi nimekaa hatua mbili kutoka pale. Ningesema tu siku ile tungekuwa tumemaliza. Sikusema. Nilitoka nikaenda kutazama ndizi.

Ijumaa nilikamua. Kazi ya kukanyaga ndizi huwa haifanywi na mtu mmoja, inafanywa na marafiki, kwa utani na nyimbo. Ta Balige alifika amekunja suruali. Nikamwambia sihitaji msaada. Alinitazama kama niliyemtukania mama, akashusha suruali yake, akaondoka.

Nilikuwa na sababu. Ndizi zilikuwa zimepasuka kwa joto la mwisho lililopita kabla kona haijaziba, na kwenye kila mpasuko, kwenye utamu ule unaonata, manyoya ya zambarau yalikuwa yamenasa. Zilikuwa zimeota sharubu! Nilimenya, nikafuta, nikaokota, nikachoka. Nikajipa moyo kwamba majani ya kukamulia yatachuja, na unga wa mtama utafunika rangi. Nikapanda kwenye mtumbwi wa kukamulia peke yangu, nikakanyaga bila wimbo hata mmoja.

Jumapili ya jubilei kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Koku alikaa kwenye benchi la kawaida, pembeni yangu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, mikono mapajani. Sauti ya kwanza iliimba bila majoho. Ulipofika ubeti ule, Ma Anjela alifungua kinywa. Mtoto mmoja alianza kulia. Mke wangu alifumba macho, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

Baada ya misa tukakaa uwanjani kula na kunywa. Rubisi ikaja. Huku kwetu wazee wanakunywa kwa kibuyu na mrija, na kibuyu cha kwanza alipewa Ta Balige, licha ya kwamba bado alikuwa amenuna.

Akavuta. Mashavu yakaingia ndani. Akavuta tena. Macho yakamtoka.

"Mrija huu umeziba," akasema.

"Hata wangu," akasema mzee wa pili.

"Wangu pia."

Ukitaka kujua jehanamu ilivyo, kaa mbele ya wazee kumi na wawili walioingiza mashavu ndani na hakuna kinachopanda. Ta Balige akakasirika. Badala ya kuvuta akapuliza, kwa nguvu zake zote. Ikatoka pwii! Kitu kama kiwavi cha zambarau kikaruka, kikatua kwenye shati jeupe la katekista wetu.

Ma Anjela ndiye aliyekiokota. Akakigeuzageuza, akakivutavuta.

"Hii si rangi ya majoho yetu?"

Vichwa vyote vikageuka, na havikunigeukia mimi. Vilimgeukia mke wangu.

"Mama Koku," Ma Anjela akasema, "tulikupumzisha tu, ndiyo ukaona utunyweshe majoho?"

Wengine wakacheka, lakini wengine wakaanza kuguna vibaya. Mwanamke mmoja akaweka kikombe chini akakisukuma kwa mguu. Mama Koku alisimama, kinywa wazi. Hakuelewa kitu. Na alichofanya ni kunitazama mimi. Hakunitazama kwa kunishuku, afadhali angenishuku! Alinitazama kama mtu anayemtazama mumewe ili amsemee.

Nilisimama.

"Manyoya ni yangu," nikasema.

"Manyoya yako?" katekista akauliza, akalitazama shati lake.

Nikasema yote. Bomba, kona mbili, mpira wa baiskeli. Nikasema wavu ulikuwa kwenye koti langu siku zote zile. Hapo watu wakaanza kucheka. Nikasema "mkono tu, waitu" haukuwa mkono, ilikuwa mashine. Ta Balige akapiga goti lake kwa furaha, kununa kote kukamwisha. Nikasema Mama Koku hakujaza kitu, ni mimi niliyemwambia aiache inawaka. Wakacheka mpaka wanafutana machozi, na mimi nikaanza kupata nafuu, nikaona kumbe yataisha kwa kicheko.

Ndipo Ta Balige akauliza, katikati ya kicheko chake, "Na moshi ulipotoka, wewe ulikuwa wapi? Mbona ulikuja na ndoo mwishoni?"

Ningeweza kudanganya tena. Naapa uongo ulikuwa umeshafika kwenye meno.

"Nilikuwa natoa ndizi shimoni," nikasema.

Uwanja ulilipuka. Mzee mmoja alianguka na kiti chake. Mtu mmoja tu hakucheka.

Kwaya ilimwomba msamaha pale pale. Ma Anjela mwenyewe alimshika mkono akampeleka mbele, akamvika joho aliloazima kwa sauti ya pili, akamwambia, "Uimbe wewe, mimi nilikuwa nateseka." Akaimba ubeti wake mbele ya watu wote, chini ya turubai, na hakuna aliyegusa chakula mpaka alipomaliza. Nililia kama mtoto.

Tulirudi kwa miguu jioni ile, njia ya migombani. Alikuwa mbele, mimi nyuma.

"Ulinisikia nilivyokuita?" akauliza.

"Nilikusikia."

"Ukasema unakuja."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umebeba nini?"

"Mkungu," nikasema.

Akatembea. Nikangoja anitukane. Ningefurahi anitukane.

"Wa ngapi?"

Mpaka leo sijamjibu, kwa sababu nakumbuka vizuri kabisa. Ulikuwa wa tatu, na baada yake nilichukua wa nne.

Gharama nimelipa, na ninaendelea kulipa. Majoho sita nimeyashonesha. Rubisi yangu sasa watu wanaichungulia kwanza kwenye mwanga ndipo wanakunywa, na yule mnunuzi wa Nkwenda akifika siku hizi anatazama kahawa tu. Watoto wa shule wakinipita wananiamkia, "Shikamoo Bwana Manyoya," kwa heshima zote, siwezi hata kuwachapa.

Dada Jeni alikuja na fundi. Mashine ilipona, ikawekwa bomba jipya la chuma, fupi, limenyooka, linaishia ukutani basi. Hakunigombeza. Alinipa kiberiti na kipande cha manyoya, akaniambia niwashe mwenyewe. Nikawasha. Fwaa.

Kwa hiyo wewe mwenye mashine kama hii, au unayetarajia kuletewa na shemeji, nisikilize. Yale manyoya ni moto uliolala. Yatoe kila mara, plagi ikiwa imechomolewa, mashine imepoa. Bomba lisafishe, usiliunge, usilipige kona, usilipeleke popote pengine zaidi ya nje. Ikichelewa kukausha, zima, hata kama kuzima kutakuumbua. Kuumbuka stoo ni nafuu sana, mimi nimeumbukia uwanja wa kanisa. Na tafadhali, ndizi ziivishe kwa kuni!

Lakini hayo hata fundi angekwambia. Langu ni hili. Mashine yetu ikiwaka siku hizi, Mama Koku anachukua kigoda chake anaenda kukaa nje, mlangoni, hata mvua inyeshe. Namwambia, mama, nimesafisha, wavu upo, bomba ni jipya, ingia ndani upate joto. Ananijibu kwa upole, bila hasira hata kidogo:

"Niache tu hapa, Baba Koku. Hapa sihitaji kumwita mtu."